Gari langu halisikiki, na Tanga yetu ni mji wa baiskeli

Mhariri, asalaam aleikum, na wasomaji wote habari za huko mliko.

Naandika nikiwa Raskazone hapa Tanga. Mwezi wa pili sasa namiliki Mercedes-Benz C350e, ile ya steshenwagoni, ya mwaka 2017, nimeiagiza Uingereza ikashuka Dar nikaifuata mwenyewe. Ni haibridi ya kuchaji, yaani ina injini ya petroli ya lita mbili yenye turbo na humohumo ina mota ya umeme na betri kubwa unayoichomeka ukutani kama unavyochomeka simu. Watu wananisimamisha kila mahali, inakula mafuta kiasi gani, spea unapata wapi, betri ikifa unafanyaje, na wote nawajibu nusunusu kwasababu nakuwa na haraka, ndo nikasema ngoja nikae niandike kirefu mara moja wasome wote. Ila kuna jambo moja hakuna hata mmoja aliyeniuliza na ndilo linaloninyima usingizi, nalo ni kwamba gari hili halisikiki. Nitalifikia, nianze na hayo wanayouliza.

Mie kazi yangu ni umeme. Nimefanya umeme wa viwandani miaka 19 kabla sijafungua kiduka changu cha vifaa, kwahiyo mota na betri havinitishi, nimeshafunga mota kubwa kuliko hii mara nyingi tu. Nilichokuwa natafuta ni gari la familia lenye buti la nyuma, lenye nguvu ya kupanda Lushoto maana ukweni kwangu ni kule Soni, na lisilonimaliza kwa mafuta hapa mjini. Nikasoma sana usiku, nikaangalia hizi na zile, nikaangukia hii. Uchakavu nimelipia ile asilimia 15 ya magari yaliyopita miaka 8, na kwa vile injini haijavuka cc 2000 ushuru wa bidhaa ukabaki ule wa asilimia 5, hapo nilishukuru Mungu.

Nguvu jamani. Injini peke yake ni farasi 211, mota inaongeza, vikishikana unapata 279, lakini mie namba ya farasi sijaijali sana, cha kujali ni ule msukumo, toki, wanasema Nm 600 vikishikana, na ile toki ya mota haisubiri. Gari la petroli ukikanyaga linafikiri kwanza, gia inashuka, turbo inavuta pumzi, ndo unakwenda. Hili mguu ukigusa tu umeshaondoka, kwasababu mota haina cha kusubiri, imekaa katikati ya injini na giaboksi inasukuma palepale. Kiwandani wanasema steshenwagoni inatoka sifuri mpaka 100 kwa sekunde 6.2, mie sijaipima wala sina mpango wa kuipima, barabara zetu si mahali pa kupimia vitu hivyo, lakini pale baada ya Muheza ukiwa nyuma ya lori la saruji linalotambaa, ukaona mbele kweupe, ile sekunde chache unazokaa upande usio wako zimepungua karibu nusu ukilinganisha na gari langu la zamani, na hizo ndo sekunde zinazoua watu kwenye barabara ile ya Segera. Kwa hilo tu naliheshimu. Tochi za trafiki zipo palepale na 50 ya vijijini iko palepale kwahiyo nguvu ni ya kuovateki salama, basi.

Halafu kuna kitu kwenye pedeli ya mafuta sikuwahi kukiona popote. Ukiwa unakaribia gari lililo mbele yako na hakuna haja ya kuendelea kukanyaga, pedeli inakugonga mguuni mara mbili, tik tik, kama mtoto anayekugusa bega. Inakwambia achia sasa, niachie nikusanye umeme. Siku mbili za kwanza nilidhani kuna kitu kimelegea chini, nikapaki pembeni nikainama kuangalia. Sasa nimeizoea na nadhani imenibadilisha udereva, naachia mapema, nakanyaga breki kidogo sana.

Sasa Lushoto. Hapa naomba nafasi Mhariri maana hapa ndo nilipolipenda hili gari. Kutoka Mombo kupanda mpaka Lushoto mjini ni kama kilomita 33 za kona juu ya kona, unaondoka joto la bondeni unakuta baridi, na unapanda karibu kilomita nzima kwenda juu. Kupanda injini na mota vinasaidiana, betri inaisha mapema tu kabla hujafika Soni, baada ya hapo ni petroli, hakuna maajabu. Maajabu ni kushuka. Jumapili ya kwanza tumetoka ukweni mchana, betri ilikuwa inasoma asilimia 12. Nikaanza kushuka, mguu sijaweka kwenye mafuta hata kidogo, na mota ile iliyotupandisha ikageuka jenereta, magurudumu ndo yanaizungusha, umeme unarudi kwenye betri na huo mzigo wa kuzalisha umeme ndo unalishika gari lisikimbie. Mke wangu akawa anasoma kwenye skrini ya dashibodi, 15, 19, 24, anasoma kama anasoma namba za mnada. Tumefika Mombo ni 41. Gari la karibu tani 1.8 ukilipandisha mlimani umeliwekea nguvu, na ukishuka kwa gari la kawaida nguvu yote ile unaigeuza moto kwenye breki, unasikia ile harufu ya breki pedi kuungua ambayo kila aliyepanda Kosta ya Lushoto anaijua na anaiogopa. Hapa breki zangu nilizigusa kwenye kona kali tu. Nilivyofika chini nikashuka nikaweka kiganja karibu na rimu, vuguvugu tu. Nimefanya umeme maisha yangu yote na kanuni hiyo naijua toka chuo, lakini kuiona inafanya kazi mbele ya macho yangu kwenye mlima nilikooa, kwakweli nilinyamaza kidogo.

Angalizo kwa atakayekuja kununua: usichaji betri mpaka ijae ukiwa juu kule. Betri ikijaa haina pa kuweka umeme, kwahiyo ule mshiko wa jenereta unapungua, unarudi kwenye gia na breki kama wengine. Teremka na betri tupu. Shemeji alitaka kunichajia kwa ukarimu wake usiku ule, nikamwambia shemeji ahsante sana, mlima wenyewe utanichajia.

Gharama. Mjini natoka Raskazone naenda dukani Ngamiani, mchana naweza kwenda Kange stendi kupokea mzigo, narudi, jioni Makorora kwa mama, inafika kilomita 16 au 18. Karatasi za kiwanda zinasema betri, ambayo ni kWh 6.2, inaweza kwenda kilomita 31 kwa umeme mtupu, lakini hicho ni kipimo cha kwenye mashine Ulaya na gari likiwa jipya. Mie na kiyoyozi na joto hili la Tanga na betri ya miaka 8 napata 19, siku ikiwa nzuri 21. Zinanitosha. Usiku nachomeka, na kwasababu gari limetoka Uingereza waya wake una ile plagi ya pini tatu za bapa kama za kwetu, inaingia moja kwa moja ukutani, mwenye la Japani itabidi aangalie volti na aina ya waya kabla hajachomeka chochote. Masaa kama matatu imejaa. Kwenye mita ya LUKU naona uniti 5 au 6 zimeondoka, kwa bei yetu ya kawaida ya shilingi 356 kwa uniti ni kama shilingi 2,000. Safari hizohizo kwa gari langu la zamani zilikuwa zinakula zaidi ya lita mbili, na bei ya petroli ni hiyo ya kupanda na kushuka, kila Jumatano ya kwanza ya mwezi tunakaa tunasubiri EWURA, wasimamizi wa nishati, watangaze. Na umeme wenyewe mwingine unatoka hapahapa kwetu, Hale na Pangani, maji ya mto wetu. Hilo linanipa raha ambayo sijui niielezeje.

Yapo ya kulalamikia. Buti. Ukisikia steshenwagoni unategemea buti la kumeza tenga la kabichi na gunia la viazi na bado nafasi ya mabegi ya watoto, sasa hii betri wameiweka chini ya sakafu ya nyuma, sakafu imepanda juu, buti limebaki lita 350 wakati ndugu yake asiye haibridi ana 490. Mke wangu siku ya kwanza alifungua akaangalia akafunga. Viti vya nyuma vikilala inakuwa afadhali. Na matuta, gari liko chini, lakini limekuja na zile springi za upepo kwahiyo kuna kitufe linapanda juu, nakaribia tuta nabonyeza, nimezoea, yale matuta ya njia ya Pongwe sijaparuza hata mara moja.

Kuhusu mafundi nisiseme mengi. Kuna nyaya za rangi ya chungwa humo ndani, hizo zinabeba mamia ya volti, si za kuguswa na mtu asiyejua kuzima mfumo kwanza. Fundi wangu wa siku zote, kijana mzuri sana, aliziona akarudisha boneti akasema kaka hizi mie sigusi. Nilimsifu. Afadhali fundi wa namna hiyo kuliko anayesema hakuna linaloshindikana. Lakini magari haya yanakuja kila meli, na vijana kama hawa wangepata hata kozi ya wiki mbili pale VETA ya kujua kuzima mfumo na kupima kama umezimika kweli, ingesaidia wao na sisi na hata wa zimamoto wanaokuja kwenye ajali.

Sasa nije kwenye lililonifanya nishike kalamu.

Ukimya wa gari hili ukiwa ndani yake ni neema. Naondoka nyumbani alfajiri kwenda msikitini, natoka getini na hakuna jirani anayejua kama nimetoka, nasikia mawimbi ya pale Raskazone, nasikia adhana ya msikiti wa pili na wa tatu zikipishana, nimeishi pale miaka mingi na nilikuwa sijawahi kuzisikia zote nikiwa ndani ya gari. Paka wa jirani analala chini ya gari na sasa imebidi kila nikitaka kuondoka niiname nimtoe, zamani nikiwasha tu anakimbia mwenyewe, sasa nawasha na hajui kama nimewasha. Huyo paka ndo alikuwa onyo langu la kwanza na sikulielewa.

Ilikuwa Alhamisi baada ya Alasiri, niko Ngamiani nimetoka dukani, nimeingia barabara ya 12, spidi labda kilomita 15, umeme mtupu. Mbele yangu mzee yuko kwenye baiskeli, kanzu ameikunja kiunoni, nyuma kwenye keria amefunga ndoo ndogo, anatoka soko la Deep Sea na samaki. Mie nimeshamwona muda mrefu, nikawa nampita taratibu kwa kulia kwake. Kumbe yeye nyumbani kwake ni kulia. Akakata kona. Hakugeuza shingo, hakutoa mkono, alikata tu kama mtu aliyeko peke yake barabarani, kwasababu kwa masikio yake alikuwa peke yake. Nilikanyaga breki mpaka mkanda ukanibana. Sikumgusa, Mungu ni shahidi na vijana wa kijiwe cha pale ni mashahidi, lakini alivyoona boneti nyeupe imetokea usawa wa goti lake alishtuka akaanguka na baiskeli yake, ndoo ikafunguka vibua vikamwagika kwenye mchanga.

Nilishuka nikamwinua. Shikamoo mzee, nisamehe mzee wangu. Akaitika marahaba, anajipangusa kiwiko kimechubuka kinatoka damu, halafu akasimama akalitazama gari, ambalo muda wote huo lilikuwa limewaka limesimama pale bila sauti yoyote. Akaniambia, "Mwanangu, mie masikio yangu mazima kabisa. Mbona sikukusikia?"

Sikuwa na jibu. Nilimpeleka zahanati akasafishwa kidonda, nikamrudisha kwake, vibua tuliviokota na watoto wakavisuuza. Hakutaka hela. Lakini lile swali nililala nalo, na nimeamka nalo kila siku toka siku ile.

Maana fikirieni huyu mzee anaendeshaje baiskeli. Baiskeli haina saitimira. Masikio yake ndo saitimira zake, miaka 50 anaendesha hivyohivyo, lori likija nyuma analijua, bajaji anaijua, pikipiki anaijua hata imebeba watu wangapi, na anapokata kona anakata kwa hesabu ya masikio. Na si yeye tu, ni Tanga nzima. Hakuna mji ninaoujua hapa Tanzania wenye baiskeli kama kwetu, ardhi yetu tambarare, mitaa ya Ngamiani imenyooka, mama anaenda sokoni na baiskeli, mwanafunzi anaenda shule na baiskeli, marehemu baba yangu alikwenda kazini kwenye mkonge na Phoenix yake mpaka anastaafu, mie mwenyewe nimejifunzia palepale barabara ya 12 nikiwa nimeingiza mguu kwenye pembetatu maana kiti sikifikii. Sasa mie huyuhuyu nimeleta kwenye mtaa uleule gari ambalo mwendesha baiskeli hawezi kulijua kama lipo. Na bado sijasema wasioona, ambao fimbo na masikio ndo macho yao, na tunajua Irente kule Lushoto kuna shule ya watoto wasioona, njia ninayopita na gari hilihili.

Nikaanza kusoma tena. Kumbe wenzetu wameliona hili kitambo. Gari likienda kasi tairi zenyewe zinapiga kelele na upepo unasikika, tatizo ni mwendo mdogo, chini ya kilomita 20 hivi kwa saa, na linaporudi nyuma. Ulaya wakatunga sheria, kila modeli mpya ya gari la umeme au haibridi inayoweza kwenda kwa umeme lazima iwe na kifaa cha kutoa sauti kwenye mwendo huo mdogo, ikaanza Julai 2019 kwa modeli mpya, na Julai 2021 ikawa kila gari jipya linalouzwa. Vizuri sana. Lakini angalieni hesabu yetu sie tunaonunua magari yaliyotumika. Gari la Ulaya linafika mikononi mwetu likiwa na miaka 7, 8, 9. La kwangu la 2017. Maana yake mengi yanayotoka Ulaya kuja kwetu sasa hivi ni ya kabla ya sheria ile, na itakuwa hivyo kwa miaka kadhaa ijayo. Wao wameshaondoka kwenye hatari, magari ya hatari ndo yako melini yanakuja kwetu, na wanaokuja kukutana nayo hawajaambiwa kitu. Mie mwenyewe fundi umeme, nimesoma kurasa chungu nzima kabla ya kununua, nimesoma farasi, nimesoma toki, nimesoma buti, hakuna mahali niliposoma kwamba hakikisha kama linasikika.

Nimejaribu nini. Kwanza honi. Honi haifai. Kumpigia honi mzee wa watu mgongoni ni kumtukana, na kweli siku mbili tu nilishatazamwa vibaya mtaani, mama mmoja wa makamo akaniambia, "We baba, njia yote hii haikutoshi?" Alikuwa na haki. Na honi inamshtua mtu wa baiskeli, anayumba, unaweza ukaleta ajali uliyokuwa unaikwepa. Pili nikawa nikifika Ngamiani nabadilisha kwenye ile hali ya kuchajia kwa injini, injini inawaka yenyewe inasikika. Inafanya kazi, ila sasa nachoma petroli katikati ya mji ili kutengeneza kelele, na gari nimelinunua ili nisichome petroli mjini, na ukisahau siku moja umerudi palepale. Kusahau kwenyewe ndo shida ya magari haya, juzi tu nilishuka nikaingia dukani nikidhani nimelizima, kumbe taa ya READY, ya kuonyesha gari liko tayari kuondoka, inawaka, dakika kadhaa baadae injini ikanguruma yenyewe nje na kijana aliyeegemea pale akaruka.

Tatu, ndo niliko sasa. Nimetengeneza kitu. Kispika kidogo cha king'ora kisichoingia maji nimekifunga nyuma ya bampa ya mbele, kinatumia umeme wa betri ndogo ya volti 12, zile za chungwa sijazisogelea, na kijisakiti kinachotoa mvumo, si mlio wa kukera, ni mvumo unaopanda kidogo spidi ikipanda na kukata ukifika 20. Vifaa vyote havijafika shilingi 70,000. Mara ya kwanza kilikuwa kikali watoto wakawa wanakimbilia kuangalia, nikapunguza, kikawa kidogo mno sokoni hakisikiki kabisa kwa kelele za spika za wauza nguo. Bado narekebisha.

Ninachoomba ni hiki. TBS, shirika letu la viwango, wanakagua magari ya nje, wanaangalia breki, taa, tairi, basi kwenye fomu yao iongezwe mstari mmoja wa haibridi na umeme, je linatoa sauti kwenye mwendo mdogo, na kama halitoi mwenye gari apewe muda afunge kifaa. Wanaotuletea magari wamwambie mteja kabla hajalipa. Shule za udereva zifundishe. Jiji letu la Tanga, ambalo linapopanga barabara linajua baiskeli ni nyingi, litupe na sisi nafasi ya kulizungumza hili mapema, maana bodaboda za umeme zimeshaanza kuonekana Dar na zitafika huku, na bodaboda isiyo na sauti kwenye vichochoro vya Makorora ni jambo la kulifikiria kabla halijafika, sio baada. Na wenye magari kama langu mlioko Tanga, Muheza, Korogwe, popote, najua mpo, nimewaona, andikeni kwenye ukurasa huuhuu mmefanya nini. Kama kuna mwenye kifaa bora kuliko changu nitakifunga kesho.

Jumamosi nilikwenda tena kwa yule mzee, kiwiko kimepona. Nikamwomba anisaidie. Asimame na baiskeli yake pembeni ya barabara akinipa mgongo, mie nije taratibu upande wa pili, mbali naye, na yeye anyooshe mkono sekunde anayonisikia, mwanangu mkubwa akawa anahesabu hatua zilizobaki kati yetu. Bila kispika alinyoosha mkono nikiwa nimeshampita. Na kispika, mara ya kwanza hatua 6. Nikaongeza sauti kidogo nikarudi tena, hatua 11. Akaniambia usiongeze tena hapo, sasa jaribu siku ya soko watu wakiwa wengi, mie nitakuwepo.

Msomaji wenu,
Raskazone, Tanga